Hakusahau, hakurekodi kabisa: kisa cha mdogo wangu na Ijumaa ya bumu

Jumamosi asubuhi kwenye saa moja na nusu hivi simu ikaita, nikaona jina la dogo, nikapokea nikijua anataka tuendelee na yale maongezi ya jana yake. Akaniamkia vizuri, "shikamoo dada", halafu akakaa kimya kidogo, halafu akauliza, "samahani dada, hivi jana nilikuja kwako?"

Nilidhani ananitania. Huyu mtu alikaa kwenye kochi langu saa nzima na nusu, kala ugali na dagaa, kambeba mwanangu mpaka mtoto kasinzia begani kwake, na mimi nikamwambia habari niliyokuwa nimeibeba wiki nzima sijui niisemeje, kwamba mama amekutwa na uvimbe kwenye titi na Jumatatu anatakiwa hospitali kubwa wakamchukue kinyama cha kupima. Alilia. Akanishika mkono akasema "Jumatatu nampeleka mimi mwenyewe, wewe dada nenda kazini". Usiku ule nilipata usingizi kwa mara ya kwanza tangu nijue ile habari, kwa sababu nilijua sasa tuko wawili.

Sasa asubuhi ananiuliza kama alikuja. Nikamfokea. Nikamwambia wewe mtoto huna moyo, umeona jukumu limekuwa zito unajifanya umesahau, mama yako anaumwa wewe unaleta pombe zako. Nikasikia upande wa pili kimya, halafu sauti ndogo, "mama anaumwa nini?" Hapo ndio nikaelewa. Ikabidi nikae chini nimwambie upya, neno kwa neno, na akalia upya, kilio kile kile cha mtu anayesikia kwa mara ya kwanza, maana kwake ilikuwa ni mara ya kwanza kweli. Sijawahi kujisikia vibaya vile kwenye simu.

Mimi ni nesi, niko zahanati, na haya mambo nilisomeshwa darasani, lakini yalipokaa kwenye kochi langu sikuyaona. Ndio maana naandika hiki kisa chote, yeye mwenyewe kakubali niandike ila jina nisiweke, na chuo chake sikitaji.

Kwanza tatizo la neno. Sisi mtaani tuna neno moja tu, kuzima. Fulani jana kazima. Na tukisema kazima tunamaanisha kalala, kaanguka kwenye kiti, kabebwa na washkaji mpaka geto. Sasa hali iliyompata dogo sio hiyo kabisa. Yeye hakuanguka, hakulala, alikuwa macho anaongea anatembea anacheka pale pa kucheka, lakini kichwani hakuna kilichokuwa kinaandikwa. Ni kama kamera iko hewani picha unaiona kwenye kioo ila hakuna aliyebonyeza kurekodi. Hii hali haina jina kwetu, na kwa sababu haina jina tunaipa majina ya vitu vingine, tunasema muongo, tunasema mjanja, tunasema kajisahaulisha. Na mwenyewe naye akishindwa kueleza anaamua kukubali kwamba ni muongo.

Tukaanza kuurudisha ule usiku mimi na yeye, Jumapili baada ya kanisa, simu yake mezani. Anachokumbuka: bumu lilitoka Ijumaa mchana (wasiojua, bumu ni ile hela ya mkopo wa wanafunzi), tangu asubuhi alikuwa kanywa chai na chapati moja tu kwa sababu wiki nzima hela haikuwepo, kwenye saa kumi na moja jioni wakakaa na wenzake wawili maeneo ya Sinza. Anakumbuka bia ya kwanza. Anakumbuka kichupa kidogo cha pombe kali, kile cha mililita 200, kila mtu na chake. Anakumbuka kwamba nyama iliagizwa, hakumbuki kama ilifika. Baada ya hapo ni giza mpaka anaamka kwake Jumamosi na viatu miguuni, kwenye begi kuna chipsi mayai imefungwa kwenye mfuko wala haijaguswa.

Simu ndio ilikuwa na kumbukumbu. Muamala wa saa moja na dakika hamsini, kalipa meza, hesabu sahihi kabisa hajakosea hata mia. Saa mbili na dakika kumi kamtumia rafiki yake elfu kumi aliyokuwa anamdai, yaani alikumbuka deni! Halafu kapanda mwendokasi Shekilango, kashuka Kimara Mwisho, kachukua boda mpaka kwangu na kumuelekeza njia ya mkato kwa sababu ile ya kawaida ilikuwa na tope. Saa tatu kasoro akagonga mlango akaita "hodi" kama siku zote. Kurudi ndio hivyo hivyo, alifika kwake na kufungua kufuli mwenyewe. Watu wanashangaa hapo, inawezekanaje mtu afanye yote hayo na asijue. Inawezekana kwa sababu njia ya kwenda kwa dada, namba ya siri, jinsi ya kuingia kwenye basi, ni vitu vilivyohifadhiwa zamani, na vya zamani havifutiki usiku ule. Kilichokufa ni uwezo wa kutengeneza kumbukumbu mpya.

Ndani ya ubongo kuna sehemu inaitwa hipokampasi, ndogo, umbo lake limejikunja, ziko mbili kushoto na kulia. Kazi yake mojawapo ni kuchukua yanayotokea sasa na kuyafanya yawe kumbukumbu ya kudumu. Ili ifanye hiyo kazi seli zake zinahitaji kupashana habari kwa kemikali inayoitwa glutameti, na pombe ikiwa nyingi inaziba vipokezi vya hiyo kemikali huku ikiongeza nguvu ya kemikali nyingine ya kutuliza. Seli haziwezi kushikana zikaacha alama. Sehemu nyingine za ubongo, za kuongea na za kutembea, zinaweza kuendelea kwa muda, hasa kwa mtu aliyezoea pombe. Kwa hiyo unapata mtu anayeongea vizuri na hakuna kinachoingia.

Na hii inaitegemea sana kasi, sio wingi peke yake. Piga hesabu na mimi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina kama gramu 20 za kilevi chenyewe. Kile kichupa cha 200 chenye asilimia 40 kina kama gramu 63, yaani umekunywa bia tatu kubwa kwa mkupuo mmoja na bado hujahesabu zile bia za pembeni. Dogo alikunywa kichupa kimoja na bia mbili, jumla kama gramu 100 na kidogo, ndani ya masaa matatu, tumbo tupu, mwili wa kilo 60 na kitu. Washkaji zake wakisikia wanasema mbona ndogo hiyo. Si ndogo. Chakula tumboni kinaichelewesha pombe isikimbilie kwenye utumbo mdogo ambako ndiko inanyonywa kwa haraka, sasa yeye hakuwa na kitu cha kuichelewesha, ikapanda kama lifti. Wataalamu wanasema hali hii ya kutorekodi inaanza kuwapata wengi pombe kwenye damu inapofika karibu asilimia 0.16, ambayo ni mara mbili ya kiwango anachokatazwa dereva kwenye majimbo mengi ya Marekani, 0.08. Na kwa wanawake inafika huko kwa vinywaji vichache zaidi, kwa sababu mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji kidogo, pombe ile ile inakuwa kali zaidi ndani. Mabinti mnaokunywa sawa kwa sawa na wanaume mezani hili mlijue, maana mtu asiyerekodi anaweza kufanyiwa lolote na kesho yake hana ushahidi hata wa kujiambia mwenyewe.

Sasa nije kwenye kile nilichokiona nikakipuuza. Pale kwenye kochi dogo aliniuliza "mama yuko wapi?" nikamwambia kalala chumbani, dawa zimemlewesha. Tukaendelea na stori. Baadaye akauliza tena "mama yuko wapi?" Nikajibu. Tumeongea weee, nimeshamwambia ule uvimbe, ameshalia, ananyanyuka kuaga, akauliza mara ya tatu, sauti ile ile, "kwani mama yuko wapi?" Nikasema moyoni huyu kachoka na mawazo.

Mwaka 1970 kuna daktari Mmarekani anaitwa Donald Goodwin pamoja na wenzake, kule St. Louis, waliwachukua wanaume 10 wakawanywesha karibu nusu lita ya wiski ndani ya kama masaa manne, wakawa wanawaonyesha vitu, mfano midoli ya watoto, halafu wanawauliza baada ya dakika mbili, baada ya nusu saa, na kesho yake. Baada ya dakika mbili wengi walikumbuka. Baada ya nusu saa, nusu yao hawakuwa na chochote, na kesho yake hivyo hivyo. Nilivyokumbuka hilo jaribio nilishika kichwa, kwa sababu lilifanyika sebuleni kwangu. Ndani ya dakika mbili dogo alikuwa na mimi kabisa, anajibu, analia, anaahidi. Mazungumzo ya mlevi wa hivi yanabebwa na hizo dakika mbili mbili. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mtu anarekodi usimuangalie anavyotembea wala usimuulize jina la rais, mtajie kitu, subiri kama nusu saa, kisha muulize ulimwambia nini. Na akikuuliza swali lile lile mara mbili tatu wakati ulishamjibu, basi usimpe habari nzito, usimkabidhi mtoto. Mimi nilimkabidhi mtoto.

Huku kutorekodi kuna aina mbili. Moja ni ya vipande, mtu akikumbushwa "si ulicheza na yule shangazi" anasema aaah kweli, inarudi. Nyingine ni ya bonge zima, hairudi hata umuonyeshe picha, kwa sababu haikuwekwa mahali popote. Ya dogo ni hii ya pili. Nimemhadithia ile jioni mara nyingi sana na anachojua leo ni hadithi yangu, sio kumbukumbu yake.

Zamani ilidhaniwa mambo haya ni ya walevi waliobobea tu. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke Marekani walitoa matokeo ya kuwahoji wanafunzi 772, na katika wale waliowahi kunywa, asilimia 51 walishawahi kuamka hawajui walifanya nini. Wengine walikuja kuambiwa baadaye kwamba waliendesha gari. Ni wanafunzi wa kawaida hao, wenye ada na ndoto.

Nilipomuuliza dogo hii ni mara ya ngapi nilitegemea aseme ya kwanza. Akahesabu kwa vidole. Akaishia saba, kwa mwaka ule mmoja. Na ya kwanza kabisa alikuwa kidato cha pili, ana miaka 14, enzi za viroba, vile vipakiti vya pombe kali vilivyokuwa vinauzwa bei rahisi, mtoto anaweka kwenye mfuko wa kaptula anaingia nacho darasani. Viroba vilipigwa marufuku Tanzania kuanzia tarehe 1 Machi 2017, waziri mkuu wa wakati ule, Majaliwa, alikuwa ametangaza Februari yake akiwa Mirerani, na mimi naikumbuka ile wiki wenye maduka walivyolalamika. Dogo aliwahi kidogo tu kabla ya mlango kufungwa. Siku hiyo aliamkia nyuma ya bweni na hakumwambia mtu yeyote, mimi najua leo.

Umri una maana yake hapa. Ubongo haujamaliza kujijenga mpaka kwenye miaka 25 hivi, na hipokampasi na ile sehemu ya mbele ya kupima mambo ni kati ya vinavyoendelea kujengwa kwenye ujana. Mwaka 2000 watafiti wa San Diego waliwapima kumbukumbu vijana wa miaka 15 na 16 waliokuwa wanywaji wakubwa, wakawasubirisha wiki tatu bila pombe ndio wakawapima, na bado walihifadhi kama asilimia 10 pungufu ya wenzao. Sasa asilimia 10 ukiisikia haitishi, lakini muulize mwanafunzi yeyote asilimia 10 kwenye mtihani ni nini. Ni tofauti ya kupasi na sapu, ule mtihani wa kurudia.

Na sapu alikuwa nazo, mbili, mwaka wa kwanza hakuwa nayo hata moja. Alikuwa ameshajiamulia kwamba hana akili, kwamba chuo kimemshinda, alikuwa anasubiri kudisko tu, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Tukaiangalia ratiba yake. Anasoma vizuri Alhamisi na Ijumaa mchana, Ijumaa jioni anakunywa, Jumamosi hangova, jioni anazimua, yaani anakunywa tena kuitoa hangova, Jumapili amelala. Pombe inakupa usingizi wa haraka lakini inaukatakata, inapunguza ule wa ndoto hasa nusu ya kwanza ya usiku, na usingizi ndio wakati ubongo unapanga uliyoyasoma mchana. Kwa hiyo Alhamisi yote alikuwa anaimwaga. Nilipomwambia hivyo aliniangalia kama mtu aliyefunguliwa kamba, "kwa hiyo sio kwamba mimi ni kilaza?" Hapana mdogo wangu, sio kilaza.

Mama yeye alikuwa na hofu nyingine, alimkumbuka mjomba. Tuna mjomba Rombo, alianza na mbege kama wazee wote, akahamia kwenye gongo, akafika pahala hali chakula siku mbili tatu. Sasa hivi hajui mwaka, ukimuuliza jana ulikuwa wapi anakupa safari nzima ya Arusha ambayo hajawahi kuifanya, na anaiamini. Kijijini wanasema karogwa, wengine wanasema muongo. Ule ni ugonjwa unajulikana tangu miaka ya 1880, daktari wa Kirusi Sergei Korsakoff aliueleza mwaka 1887, na chanzo chake ni kukosa vitamini B1, kwa sababu mlevi hali na hata akila pombe inazuia isinyonywe. Kinachotangulia ni kuchanganyikiwa, macho kuchezacheza, kuyumba hata akiwa hajanywa, na pale akiwahishwa hospitali akachomwa hiyo vitamini anaweza kuokolewa sehemu kubwa. Mjomba hakuwahishwa. Walisubiri pombe zimtoke. Nilimweleza mama kwamba dogo hayuko huko, ni hali mbili tofauti, ila nisiseme uongo, barabara ni moja.

Kabla ya kumwambia aache nilimuuliza maswali ya kazini kwangu: ukiamka mikono inatetemeka? unatoka jasho? unahitaji kunywa asubuhi ndio utulie? Akasema hapana, na siku za katikati ya wiki hagusi. Nauliza hivyo kwa sababu mtu anayekunywa kila siku kwa wingi akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kuweweseka vibaya ndani ya siku mbili tatu, na wapo waliofia nyumbani kwa kufungiwa chumbani na ndugu wenye nia njema. Huyo anapelekwa hospitali, haombewi kwanza. Dogo hakuwa huyo, kwa hiyo tulianzia nyumbani.

Pombe kali akaikata moja kwa moja, hilo alilisema yeye. Bumu likitoka hela ya chakula ya mwezi ananitumia mimi, namrudishia kila Jumatatu. Wale wenzake wawili niliongea nao, mmoja alinielewa, mwingine aliniona mnoko. Na nikamnunulia kijidaftari kidogo cha mia tano. Wiki ya kwanza nilimsomea vitu 12 vya sokoni, nyanya, kitunguu, nazi, kiberiti, vile vile, baada ya nusu saa akanitajia 6. Wiki ya kumi, orodha nyingine, akataja 9. Sio kipimo cha kitaalamu na sijidai ni ushahidi, labda siku hiyo alikuwa kalala vizuri tu, ila aliziandika mwenyewe zile namba mbili kwa kalamu nyekundu. Sapu moja kapasi, moja anairudia.

Mama alipelekwa ile Jumatatu. Saa kumi na moja alfajiri dogo alikuwa mlangoni, kavaa shati la kupiga pasi, kashika faili. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, uvimbe wa kawaida, sio saratani, tukashukuru Mungu. Njiani kwenda hospitali alikuwa amemuomba mama msamaha, na mama akamwambia "mwanangu sijui unaomba ya nini, ulishaniahidi utanileta na umenileta". Ile ahadi mama nilimsimulia mimi. Dogo aliitimiza bila kuikumbuka.

Ameteleza mara moja, kwenye sendofu ya binamu yetu. Kesho yake saa mbili asubuhi akapiga mwenyewe, sikumuuliza. "Shikamoo dada. Jana nimekunywa bia tatu, nilikula kwanza, nakumbuka zote." Nikamuuliza alirudije. Akasema kwa boda, kwa yule kijana wa kijiweni mwenye kofia ya kijani, buku mbili, na njiani walisimama kupisha ng'ombe. Nikamuuliza ng'ombe wangapi. Akafikiria. "Wanne, mmoja ana kamba."

Nikamwambia sawa, andika kwenye daftari.